Kipilipili Hakivutwi kwa Kamba

Mwanangu Deusdedit alipiga simu Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nachambua mchele uani, akaniarifu kwamba Jumamosi atakuja na pikapu na kamba kulivuta gari langu. Hakuuliza. Aliarifu.

"Shikamoo mama. Nimeshaongea na mafundi wote wa Shinyanga. Hakuna atakayeligusa."

"Marahaba. Umeongea nao nini?"

"Kuhusu Kipilipili. Mama, propela imekwisha. Ile ngo-ngo-ngo niliyoisikia Pasaka si ya mchezo. Ikichomoka ukiwa barabarani tunakuzika."

"Na ukishalivuta unalipeleka wapi?"

Akakohoa. Deusdedit ana karasha kule Katoro, mtambo wa kusagia mawe ya dhahabu, na mimi nilimzaa, navijua vikohozi vyake vyote.

"Kuna vyuma vyake vitafaa," akasema. "Hiyo propela ikitiwa krosi mpya inaingia kwenye karasha bila shida. Wewe nitakununulia bajaji, nikuwekee na dereva."

"Kumbe ikitiwa krosi mpya inafaa."

"Kwenye karasha, mama."

Nikakata simu, nikaiweka kifudifudi ndani ya ungo, juu ya mchele.  Miaka sitini na saba niliyo nayo duniani, halafu mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati ananigawia dereva!

Kipilipili ni gari la michezo, la mwaka sabini na mbili, kutoka Japani. Ni jekundu, pua ndefu, viti viwili tu, na limekaa chini kiasi kwamba kuku akipita mbele unamwona uso kwa uso. Marehemu mume wangu Jilala alilikuta kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi, kuku wakitagia ndani yake. Alilitengeneza miaka sita. Kila kifaa alichokihitaji mimi ndiye niliyemwambia jina lake, kwa sababu nilikaa miaka ishirini na minane kwenye dirisha la stoo ya spea, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Uniletee chuma chochote, nitakwambia kinaitwaje, kina saizi gani, na kinakaa rafu ya ngapi. Kukifungua kwenye gari, hapana. Kufungua ilikuwa kazi yake. Mimi nilikabidhi kupitia dirishani.

Jilala ana miaka minne kaburini. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa ninawasha Kipilipili, natoka Ngokolo hadi Samuye kumwona dada yangu Ndaki, ambaye macho yake hayaoni tena. Simwambii mtu naenda, siombi lifti, siangalii saa ya mtu. Ndicho kitu pekee kilichobaki ninachokifanya bila kuuliza, na Deusdedit alitaka kukifunga kamba akivute. Bajaji na dereva maana yake nitakaa barazani na mkoba mapajani nikisubiri kubebwa. Wapo wanaopenda. Mimi sipendi.

Mchana huohuo nilimwendea fundi mmoja karibu na stendi, mtu niliyekuwa namkabidhi spea tangu akiwa na nywele. Aliniona tu, akaanza kufuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama, Deus amepiga simu."

"Gari ni la Deus?"

"Si la Deus, mama."

"Sasa?"

"Sasa... ni mwanao, mama. Ikitokea la kutokea, atasema mimi."

Nikarudi nyumbani, nikafungua banda la Jilala, nikatoa spana.

Nieleze kidogo, maana hata jirani yangu alidhani propela ni ile ya ndege. Propela ya gari ni bomba refu la chuma linalolala chini ya tumbo la gari. Linatoa nguvu kwenye gia boksi na kuipeleka nyuma, kwenye difu, ili matairi ya nyuma yazunguke. Miisho yote miwili ina krosi, chuma chenye umbo la msalaba, ili bomba liweze kujikunja barabara ikiwa mbaya. Krosi ikilika, ndipo inapoanza ngo-ngo-ngo. Kwenye difu propela imefungwa kwa bolti nne. Mbele haina bolti, imechomekwa tu. Hayo yote niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kulala chini ya gari.

Jumatano nilipandisha nyuma kwa jeki, nikaweka yale magogo mawili ya mninga ambayo Jilala aliyachonga kwa kazi hiyo, nikazuia matairi ya mbele kwa mawe. Nikazipaka zile bolti nne dizeli ili zilainike. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima, na kila aliyepita njiani alisimama. Mmoja aliuliza kama nimepoteza kitu chini ya gari. Nikamwambia ndiyo, adabu za watu.

Alhamisi nikatandika gunia, nikajifunga kanga mbili, nikaingia. Jilala alikuwa na sheria moja asiyoivunja: weka alama kabla hujafungua. Propela ikirudishwa vingine na ilivyokuwa, gari litatetemeka mpaka meno yakuume. Kwa hiyo nikaanza kufuta uchafu pale propela inapokutana na difu, ili nipate mahali pa kuchora. Nikafuta, nikafuta. Pakatokea doa jekundu. Nikafuta tena, likatokea la pili, likitazamana na la kwanza, moja upande wa propela, moja upande wa difu.

Alama ilikuwapo tayari. Jilala aliiweka mara ya mwisho alipoifungua, miaka tisa iliyopita. Lakini ile haikuwa rangi ya gari. Ilikuwa inang'aa. Nikaikwangua kwa ukucha, lile doa la upande wa difu likabanduka lote, likanidondokea shavuni. Nikaliokota, nikaliangalia.

Lilikuwa rangi ya kucha. Rangi yangu ya kucha.

Nililala pale chini ya gari nikiwa nimeshika kile kigamba, na nasema kweli, nilitamani gari liniangukie.

Binti yangu Suzana aliniletea kichupa hicho kutoka Mwanza. Nyekundu iliyokolea, sijawahi kuwa na nyingine nzuri kama ile. Nilipaka mara moja tu. Wiki iliyofuata hakipo. Na wiki hiyohiyo jirani yangu Paskalina, Mama Rebeka, fundi cherehani, alikuwa amekuja kwangu kuazima sufuria, na Jumamosi akaja kwenye sala ya jumuiya na kucha zinang'aa. Nikasimama mbele ya akina mama wote, kabla hata ya sala ya kufunga, nikasema kuna watu humu wanaazima sufuria na wanaondoka na zaidi. Kila mtu akajua. Paskalina akachukua rozari yake, akaondoka. Miaka tisa tunapakana ua wa minyaa na hatusalimiani. Kwenye msiba wa Jilala alileta kuni, akaziweka langoni, akarudi kwake.

Na Jilala alijua! Alikuwa anakula ugali wangu, anasikia nikimsema Paskalina, anatafuna taratibu. Kwa sababu alinijua mdomo wangu, akaona heri akae kimya. "Jilala," nikasema kwa sauti, chini ya gari, "una bahati umekufa."

Basi nikajaribu kuendelea. Hapo ndipo nikaona kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Ili bolti ilegee, gari liwe kwenye gia, propela isizunguke. Ukishailegeza, gia itolewe, uzungushe propela kwa mkono mpaka bolti nyingine ikufikie. Yaani kila bolti utoke chini, uingie ndani, urudi chini. Nilitoka na kuingia mara mbili, mgongo ukakataa, na bolti hata moja haikuwa imetoka. Nilihitaji mtu wa kukaa kwenye usukani. Na jirani aliyekuwa karibu kuliko wote ni mmoja.

Nikapita kwenye ua wa minyaa kama nilivyo, na dizeli usoni.

"Hodi."

Cherehani ikasimama. "Nani?"

"Mimi. Mama Deus."

Cherehani ikaanza tena, kwa kasi zaidi.

"Mama Rebeka, nimekuja kukuomba radhi."

"Sisikii! Hii mashine ina kelele!"

"Nimekuja kukuomba radhi!"

"Ya nini?"

"Ya rangi!"

Cherehani ikasimama. Paskalina akatokea mlangoni, futi ya kupimia shingoni, miwani puani. Akaniangalia kuanzia miguuni.

"Umempata mwizi?"

"Ni Jilala."

"Sasa umeanza kusingizia na marehemu."

"Njoo uone kwa macho yako."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilidhani atanifungia mlango, na angekuwa na haki. Lakini Paskalina hajawahi kuacha ushahidi umpite. Akajifunga kanga, akanifuata, akajilaza kwenye gunia, akaingia chini ya gari mpaka ikabaki miguu. Nikamsikia akiigusa ile alama kwa kidole.

"Mama Deus."

"Abee."

"Hii ni nyekundu."

"Ndiyo."

"Yangu ilikuwa ya waridi." Miguu yake haikutikisika. "Niliinunua mwenyewe sokoni. Ya waridi. Miaka tisa, mayu, na hukuwahi kuniangalia vidole."

  Nikasimama tu na spana mkononi, aibu ikinipanda mpaka masikioni.

Akatoka, akajipangusa. "Jumamosi hii jumuiya inasali kwako. Utasimama, utasema. Kwa sauti ileile uliyonisemea."

"Nitasema."

"Na mimi sijasamehe. Natafakari." Akaliangalia gari. "Hili limefanyaje?"

Nikamweleza: Deusdedit, kamba, karasha, bajaji na dereva. Nilipofika kwenye dereva akacheka puani. Rebeka wake alishataka kumnyang'anya cherehani, eti macho.

"Gia inaingizwaje?" akauliza.

Lakini kwanza alirudi kwake, akaja na kichupa. Rangi ya waridi. Alikuwa anakinunua kilekile miaka yote, kwa ubishi. Kwa kuwa mimi nimebandua alama ya upande wa difu, akaingia chini mwenyewe akaweka mpya, ikitazamana sawasawa na nyekundu ya Jilala. Mkono wa fundi cherehani hautetemeki.

Kisha akakaa kwenye usukani. Hakuwahi kukaa upande huo wa gari lolote maishani, na alikaa kama hakimu. Mimi chini napiga kelele: "Tia!" Anatia gia. Nalegeza. "Toa!" Anatoa. Nazungusha. "Tia!" Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikagoma. Nikachomeka spana kwenye bomba la kitanda kilichovunjika ili nipate urefu, nikavuta kwa hasira zote nilizokuwa nazo, za Deusdedit, za fundi wa stendi, za Jilala, ikalia kwaa! ikaachia. Paskalina akapiga honi.

Propela ikashuka nyuma, nikaivuta, ikachomoka kule mbele kwenye gia boksi. Na oili ikanimwagikia kifuani. Miaka ishirini na minane nimetoa oili ile dirishani kwa makopo, na sikukumbuka kwamba propela ikitoka tundu linabaki wazi.

"Ziba!" nikapiga kelele. Paskalina akaja mbio na mfuko wa chumvi na lastiki ya sketi, akaufunga mdomo wa gia boksi vizuri kama anafunga mtungi.

Tukaitoa nje propela, tukailaza juu ya gunia. Nilikaa kitako kando yake nikiwa nanuka oili na nimeloa, na nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimeifungua mimi.

Ijumaa asubuhi nikagonga kikombe kimoja cha krosi, kile kifuniko cha ncha yake, kikatoka, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda kwa Luka, muuza spea. Deusdedit aliwapigia mafundi. Wauza spea hakuwakumbuka.

"Krosi ya gari lile, bibi? Haipo Tanzania nzima."

"Lete ya pikapu ya zamani ya kampuni hiyohiyo, ile ndogo."

"Ni gari tofauti."

"Lete, halafu tupime."

Akaleta, tukapima. Zililingana. Luka akaniangalia, akaomba nikae kidogo nimsaidie kupanga rafu. Nikamwambia nina kazi.

Kwenye jiriwa ya Jilala, kile chuma cha kubania, tukazigonga krosi za zamani zikatoka. Ya kwanza mpya ikaingia vizuri. Ya pili kikombe kimoja kikakataa kuingia mpaka mwisho. Nikataka kukigonga kwa nguvu, na nilishainua nyundo.

"Acha," Paskalina akasema. Akakichomoa, akakisogeza puani, kwenye miwani. Ndani ya kikombe hicho mna visindano vidogo vya chuma vimepangwa duara. Kimoja kilikuwa kimeanguka, kimelala chini. Ningegonga, ningevunja vyote. Akakisimamisha kwa ncha ya pini, akakipaka grisi kishike.

"Sindano niachie mimi," akasema.

Kabla ya jua kuzama tulikuwa tumeirudisha, waridi ikitazamana na nyekundu, bolti nne zimekazwa, oili iliyomwagika imeongezwa, "Tia!" na "Toa!" mpaka watoto wa mtaa wakaanza kuitikia.

Jumamosi saa moja asubuhi jumuiya ikakaa uani kwangu kwenye viti vya plastiki. Tulikuwa katikati ya rozari pikapu ya Deusdedit iliposimama langoni. Akashuka na kamba kubwa begani. Akaona akina mama kumi na wanne wamefumba macho. Hakuwa na la kufanya ila kuvua kofia, kuketi kwenye kiti cha mwisho, na kusali na kamba mapajani.

Baada ya sala nikasimama. Nilisema kwa sauti ileile. Nilisema Paskalina hakuiba kitu, nilimtukana bure mbele yao, miaka tisa nimemnyima salamu kwa uongo wangu mwenyewe, na rangi aliichukua mume wangu akapaka gari. Mtu mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na Paskalina akakaa amenyooka bila kucheka mpaka wakanyamaza.

"Nimesamehe," akasema. "Leo. Si jana."

Deusdedit alizunguka kuwaamkia wote kumi na wanne, shikamoo moja moja, ndipo akanifikia.

"Mama, nasikia ulikuwa umeshusha propela. Fundi gani amekufanyia?"

"Mimi."

"Nauliza fundi, mama."

"Ndiye huyu. Hukumpigia simu, hukuwa na habari naye."

Akaweka kamba chini, akajilaza mavumbini na shati lake la safari. Tulimsikia akiigonga propela, akiitikisa huku na huku, akitafuta ile ngo. Hakuipata. "Hizi rangi za kucha ni za nini?" akauliza kule chini, na akina mama wakacheka tena.

Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa wa hasira.

"Mama, mimi naogopa," akasema polepole, wengine wasisikie. "Simu ikilia tu, nadhani ni polisi wa barabarani. Sitaki nikupoteze kama baba."

Nilimwelewa. Alikuwa mwanangu, na alikuwa anaogopa kweli. Lakini sikurudi nyuma.

"Ogopa, baba. Sijakukataza kuogopa. Nimekukataza kamba."

Akalishusha gari kutoka kwenye magogo, akayaondoa mawe. Kisha akasema, "Basi twende wote Samuye. Nikae nawe nione linavyokwenda."

Nikageuka kutazama. Paskalina alikuwa ameshakaa kiti cha pili, mkoba mapajani, mkanda umefungwa, kucha za waridi zimetulia juu ya dashibodi.

"Viti ni viwili," nikamwambia. "Wewe virudishe hivi vya plastiki kanisani. Na hiyo kamba usiondoke nayo. Yangu ya kuanikia nguo imekatika."

Nikawasha. Nikatia gia mwenyewe, nikaachia klachi, nikasikiliza. Kimya. Kipilipili kikatoka langoni bila ngo hata moja.

Nje ya lango tulisimama kusubiri ng'ombe wapite, na kwenye kioo nilimwona Deusdedit amebaki katikati ya viti. Akaiokota kamba, akaifunga kwenye nguzo ya banda la baba yake, akaivuta mpaka kwenye mwarobaini. Akaikaza. Akasimama akaiangalia, halafu akaifungua upande mmoja, akaishusha ifikie urefu wa mkono wangu, akaifunga upya.